Wimbo wa Kitanda cha Pembeni

Leonida Tluway alifundisha kwaya ya kigango kimoja cha Kansay, wilayani Karatu, kwa miaka mingi, kiasi kwamba baadhi ya waimbaji wake wa sasa aliwahi kuwafundisha mama zao. Alikuwa mkulima kama jirani zake: mahindi na maharage kwenye mteremko, mbaazi kule chini, ng'ombe wa maziwa zizini. Nota alifundishwa akiwa msichana na mtawa mmoja mzee pale parokiani, na baada ya hapo hakusoma muziki tena popote. Lakini sikio lake lilikuwa kali. Besi mmoja akiteleza kidogo tu kwenye safu ya nyuma, Leonida alikunja uso kana kwamba amekanyagwa kidole, na yule besi alijua amekamatwa.

Sikio hilo ndilo lililofanya aitwe kuwa jaji kwenye mashindano ya kwaya. Na ndilo lililomponza Patrisi.

Patrisi alikuwa mwalimu wa kwaya ya kijiji cha jirani, fundi cherehani, mtu mpole wa maneno machache. Mwaka mmoja alileta wimbo aliosema ameutunga mwenyewe. Leonida alisikiliza ubeti wa kwanza akaweka kalamu mezani. Wimbo ule alikuwa ameusikia zamani, ukiimbwa na kwaya moja ya Mbulu. Maneno yalikuwa mengine, lakini mwendo ulikuwa mmoja, pale unapopanda na pale unaposhuka. Majaji wenzake walitaka Patrisi aitwe pembeni aelezwe. Leonida akasema hapana, bora wote wajifunze. Akasimama mbele ya watu, akaimba kipande cha wimbo wa zamani, kisha akaimba cha Patrisi.

"Mwalimu, naapa sikujua," Patrisi alisema mbele ya ukumbi mzima. "Ulinijia tu."

"Wimbo haumpati mtu kama mafua, Patrisi," Leonida alimjibu, na ukumbi ukaangua kicheko.

Patrisi hakufundisha kwaya tena. Leonida alipopata habari hiyo alisikitika kidogo, kisha akaendelea na kazi zake. Aliona ametetea haki.

Wimbo wa jubilei ya parokia ulimjia akiwa amekaa uani anapukuchua mahindi. Ulikuja mzima, wala haukuwa wa kutafutwa. Alisimama, akafuta vumbi kwenye kanga, akaimba kiitikio chote mara moja kana kwamba alikuwa akikisoma mahali. Jioni hiyo aliandika maneno ya kumshukuru Mungu kwa mvua na mavuno, akaupa jina "Umetuona". Wanakwaya waliushika upesi. Siku ya jubilei pale Karatu watu walisimama kwenye viti, akina mama wakapiga vigelegele, na padre alipomwuliza mbele ya umati ameutoa wapi wimbo mtamu namna ile, Leonida alishika kipaza sauti akasema, "Nimeutoa uani kwangu, Baba. Kabla ya hapo haukuwahi kupita kwenye mdomo wa mtu yeyote."

Watu wakacheka kwa furaha. Maneno hayo yalirekodiwa kwenye simu pamoja na wimbo wenyewe, yakazunguka kwenye makundi ya WhatsApp kutoka Karatu mpaka Arusha. Studio moja ikataka kurekodi albamu ya kwaya, na "Umetuona" uwe wa kwanza.

Wa kwanza kumtia wasiwasi alikuwa mwanawe, Adrian, dereva wa watalii. Alikuja nyumbani kusalimia, akaukuta wimbo unapigwa kwenye simu ya baba yake.

"Mama, huu si ule wa zamani?"

"Wa zamani upi? Nimeutunga mwaka huu."

"Basi nachanganya. Niliona kama naujua tangu mdogo."

Leonida alimwambia anywe chai isije ikapoa. Lakini neno lile lilimkaa. Tangu siku hiyo akawa na tabia mpya: akikutana na mtu aliyekaa sana kwenye kwaya, alimwimbia kipande kwa sauti ya chini, kisha anauliza kama mtu asiyejali, "Huu umewahi kuusikia mahali?" Wote walimjibu kwamba wameusikia kwake. Alipitia nyimbo zote za Mbulu alizozikumbuka, za Babati, za Moshi. Akatulia kidogo. Kisha akipukuchua mahindi au akikamua ng'ombe, ule wepesi uliouleta wimbo unamrudia akilini, na roho inasinyaa. Wimbo wake mwingine wowote ulimtoa jasho. Huu kwa nini haukumtoa?

Mwezi uliofuata kwaya ilialikwa kuimba Olbalbal kwa Wamaasai, kwenye ufunguzi wa kanisa dogo la bati. Walikodi Coaster. Wakapita lango la hifadhi asubuhi kukiwa na ukungu, wakazunguka ukingo wa kreta, kisha gari likaanza kuteremka upande wa pili ambako ukungu huishia na vumbi huanzia. Wanakwaya waliimba njia nzima. Leonida alikaa kimya kiti cha mbele. Miaka mingi iliyopita mume wake, Vedasto, alifundisha shule ya msingi huku chini, na wao wawili waliishi hapa walipooana. Leonida hakupenda kupazungumzia. Alizoea kusema tu kwamba maji yalikuwa ya shida.

Watu walikuwa wamejaa mpaka nje, wanaume na fimbo zao, wanawake wamekaa chini kwa makundi na shanga zao shingoni. Katekista Ngoitiko aliwakaribisha kwa Kimaasai na Kiswahili. Kwaya ikaimba nyimbo mbili, wakapigiwa makofi ya heshima. Kisha Leonida akainua mkono, ngoma ikaingia, wakaanza "Umetuona".

Hawajamaliza ubeti wa kwanza, mama mmoja mtu mzima aliyekaa karibu na mlango akainua kichwa. Akaanza kuimba. Wanawake wawili waliokaa karibu naye wakamfuata, wakiitikia kwa sauti za kooni. Wanakwaya walifurahi, wakazidisha nguvu. Leonida naye alitabasamu, mkono wake ukiendelea kuongoza, mpaka pale yule mama alipoimba kipande cha kiitikio, kile kinachopanda juu na kukatika. Kwaya ilikuwa haijakifikia. Yule mama alikifikia kabla yao, akawasubiri.

Leonida akaacha kutabasamu. Mkono uliendelea kupiga mapigo wenyewe. Kwaya ilipomaliza na ngoma kunyamaza, yule mama hakunyamaza. Aliendelea na kipande kingine, cha polepole, ambacho kwenye "Umetuona" hakikuwemo. Kilikuwa mahali pake kabisa, kama mkono wa shati ambalo Leonida alikuwa amelivaa bila kujua kwamba limekatwa mkono mmoja.

Watu wakashangilia. Goodness, mwenyekiti wa kwaya, alimshika Leonida begani huku anacheka. "Mwalimu, umeona? Hadi huku! Simu zimeufikisha mpaka bomani!"

Hapo Leonida angeweza kusema. Maneno yalikuwa mdomoni. Badala yake alisema, "Mungu ni mwema," akainama kupokea shuka alilovishwa kama mgeni wa heshima. Akiwa ameinama hivyo aliona miguu ya yule mama ikipita karibu, na hakuinua uso mpaka ilipokwisha kupita.

Safari ya kurudi wanakwaya walimwimbia wimbo wake mara tatu. Shuka lilimchoma mabegani.

Kesho yake asubuhi alimfuata Vedasto kwenye mbaazi. Alimweleza yote bila kupumzika, akitazama chini. Vedasto aliacha jembe likae, akawaza, kisha akasema kwa upole:

"Si yule mama wa hospitali?"

"Mama gani?"

"Wa kitanda cha pembeni, Mama Adrian. Ulipolazwa na mimba ya Adrian. Nikija kukuona Jumapili ulikuwa unaniambia, usingizi wa mchana siupati mpaka huyu Mmaasai aimbe. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Alikuwa amefunika, na kifuniko kilipotoka kila kitu kilikuwa mahali pake. Wodi ya hospitali ya misheni, harufu ya dawa ya sakafu, mwanga wa saa nane mchana kwenye shuka. Yeye alitokwa damu, akaambiwa alale asiinuke mpaka ajifungue. Kitanda cha pembeni alilala mama wa Kimaasai mwenye tatizo hilohilo. Hawakuwa na lugha moja. Waligawana uji, walionyeshana kwa vidole watoto walivyocheza tumboni, na mchana wauguzi walipotulia yule mama alijigeuza upande wa Leonida akaimba taratibu, wimbo uleule kila siku.

Kisha yule mama akajifungua mtoto asiye na uhai. Siku chache baadaye Leonida akajifungua Adrian, akilia kwa nguvu zote. Siku ya kuruhusiwa, njia ya kutokea ilipita mbele ya kile kitanda. Yule mama alikuwa ameketi, ameinua mkono kama mtu anayetaka kugusa au kuaga. Leonida akamfunika mtoto uso kwa kanga, akatazama ukutani, akapita.

Hayo hakuwahi kumwambia hata Vedasto. Sasa alimwambia, pale katikati ya mbaazi.

"Wimbo ninaweza kusema nilisahau," Leonida alisema. "Ile kugeuza uso nilijua ninachofanya."

Alirudi Olbalbal peke yake wiki iliyofuata, akipanda gari la mizigo, amebeba unga, sukari na majani ya chai. Njiani alitunga maneno ya kusema, akayafuta, akatunga mengine. Katekista Ngoitiko alimpokea akamsindikiza kwa miguu mpaka boma la yule mama. Jina lake Naisenya. Alikuwa amekaa kwenye kivuli cha nyumba anashona shanga, na alipomwona mgeni hakushtuka.

"Takwenya," Ngoitiko alimsalimu.

"Iko," akaitika, kisha akasema jambo refu, macho yake kwa Leonida.

Ngoitiko alisita. "Mwalimu, anasema alikutambua siku ile kanisani. Anauliza kama mtoto yupo."

Yale maneno yote ya njiani yakapotea. "Yupo," Leonida alisema. "Mzima. Anaendesha magari. Anaitwa Adrian."

Naisenya alipoambiwa alifunga macho, akamtaja Mungu, "Enkai", mara kadhaa kwa sauti ya chini, akashika kifua. Kisha akacheka, na kicheko chake kilimwumiza Leonida kuliko matusi.

"Mwambie nimeiba wimbo wake," alimwambia Ngoitiko haraka. "Mwambie sikukusudia. Nilidhani ni wangu. Nimesema mbele ya watu ni wangu."

Walizungumza wale wawili kwa Kimaasai muda mrefu. Mwishowe Ngoitiko akageuka.

"Anasema ni wimbo wa akina mama wa kumwomba Mungu mtoto. Wanawake wengi huku wana nyimbo za namna hiyo, lakini huu aliutunga yeye, mwendo na maneno. Kile kipande cha mwisho, ambacho ninyi hamkuimba, ndicho cha kumtaja mtu unayemwombea. Anasema alikuwa akijitaja yeye kwanza, halafu anakutaja wewe. Jina lako alikuwa halijui, kwa hiyo aliimba 'na yule wa kitanda cha pembeni'. Kila siku hivyo."

Leonida aliketi chini vumbini. Hakuangalia anakaa wapi.

Naisenya akaongea tena, safari hii bila kucheka, na Ngoitiko akatafsiri kidogo kidogo, macho chini. "Anauliza swali. Siku ile ulipomfunika mtoto. Uliogopa jicho lake? Ulidhani atamdhuru mtoto kwa sababu wake amekufa?"

Ilikuwa rahisi kukataa. Angeweza kusema alikuwa amechoka, au jua lilikuwa kali, au hakumwona. Ngoitiko alikuwa akisubiri, kijana wa watu, amefadhaika kwa niaba yao wote wawili.

"Ndiyo," Leonida alisema. "Niliogopa."

Naisenya aliitikia kwa kichwa polepole kama mtu anayethibitishiwa jambo alilokwisha kulijua. Alichukua shanga zake akaendelea kushona. Ndani ya nyumba mtu alikuwa akipuliza moto. Kisha Naisenya akaita, akatoka binti mwenye mtoto mgongoni, akaleta chai ya maziwa kwenye vikombe vya bati.

"Huyu ni Naisula," Ngoitiko alieleza. "Amezaliwa na mke mwenzake. Alipewa amlee, maana yeye hakupata tena."

Walikunywa. Leonida alitaka kuuliza kama amesamehewa, akaona aibu kuomba na hilo. Akauliza tu afanye nini na wimbo.

Jibu la Naisenya lilikuwa fupi. Hakutaka upigwe kwenye redio na ngoma, watu wakirukaruka. Hakuwa ameutunga kwa ajili ya walioshiba. Kama wanautaka kanisani waimbe, lakini taratibu, na wakifika mwisho wamtaje mtu anayesubiri. Akamfundisha kile kipande kilichobaki. Leonida, aliyezoea kushika wimbo kwa kusikia mara moja, alikosea na kurudia, akakosea tena, na Naisenya alimsubiri kila mara mpaka akapata.

Aliwaambia wanakwaya siku ya mazoezi, kabla hawajajipanga. Alisema yote, pamoja na ya hospitali. Alitegemea watamhurumia, na walipokaa kimya akajua kwamba alikuwa akitegemea hivyo.

"Mwalimu," Goodness alisema mwishowe, "studio tumeshawaambia ndiyo. Watu wanausubiri. Yule mama hata simu hana. Nani angejua?"

"Mimi nilijua tangu siku ile ile. Nilisimama pale nikavishwa shuka nikanyamaza."

"Basi ungeendelea kunyamaza," sauti moja ilisema kutoka safu ya besi, na hakuna aliyemkemea.

Albamu haikurekodiwa. Wanakwaya wawili watatu walihama. Kwenye kundi la WhatsApp ile video ya jubilei ilirudishwa, ile aliposema wimbo haujapita kwenye mdomo wa mtu, na chini yake mtu akaweka vikatuni vya kucheka. Leonida aliitazama mara moja, akampa Vedasto simu aizime.

Kilichobaki ni kwa Patrisi. Hicho alikisogeza mbele kwa wiki kadhaa, kila Jumamosi akipata sababu. Siku alipokwenda alimkuta kwenye kibaraza cha duka lake, anashona sare za shule. Patrisi alimtolea kigoda, akamwuliza hali ya nyumbani, na mguu wa cherehani haukusimama.

"Patrisi, nimekuja kwa ajili ya yale ya mashindano."

"Nimesikia yaliyokupata," alisema. "Pole."

"Wewe ulisema ulikujia tu. Sasa najua ulisema kweli. Nataka nisimame kanisani kwenu, mbele ya watu wote, niseme kwamba nilikosea. Nilikuaibisha mbele za watu, ni haki nikusafishe mbele za watu."

Cherehani ikasimama. Patrisi alikata uzi kwa meno, akaikunjua sare na kuitazama kwenye mwanga.

"Hapana, Mwalimu. Usinifanyie hivyo."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu watu wamekwisha kusahau. Watoto wangu wamekua bila kuambiwa baba yao mwizi wa nyimbo. Wewe ukisimama pale utapumua. Mimi nitarudishwa ukumbini." Alisema bila hasira, kama anayemweleza mteja kwamba kitambaa hakitoshi. "Umekuja, umeniambia, nimesikia. Ibaki hapa."

Leonida hakuwa amefikiri kwamba hata toba yake inaweza kuwa mzigo kwa mwingine. Patrisi akarudia kushona. Walizungumza mambo ya mvua na bei ya mbaazi, na alipoinuka kuondoka Patrisi alimsindikiza mpaka barabarani kama inavyompasa mtu na mgeni wake, akarudi dukani.

Leonida aliacha kuongoza kwaya. Aliomba mwenyewe, Goodness akashika nafasi. Siku hizi anaimba sauti ya pili, safu ya katikati, na besi akiteleza huyaona macho ya wanakwaya wengine yakimgeukia, naye hutazama mbele tu. Wimbo wa Naisenya huimbwa wakati wa Kwaresima, bila ngoma, na kabla yake husemwa ni wa nani na umetoka wapi. Mwishoni watu hutaja majina kwa sauti ya chini, kila mtu la yule anayemwombea. Adrian akipeleka wageni upande ule hupitia Olbalbal na unga au sukari, na Naisenya humshika kichwa kwa mikono miwili, humtemea mate kidogo ya baraka kama wafanyavyo wazee wa kule, humwacha aende.

Nyimbo bado humjia Leonida. Humjia akifua, akipalilia, akisubiri maji yachemke. Zamani angezikimbilia na kalamu. Sasa huziacha ziimbe kichwani huku akijiuliza zilipita wapi kabla ya kufika kwake, na nani alikuwa ameketi karibu naye, ambaye yeye hakumtazama.